Boti ya Mama Mkwe

Nyie vijana mnaopeleka wageni ziwani siku hizi, simu zinaning'inia shingoni na fulana zina maandishi mgongoni, sogeeni hapa. Kazi hiyo mnayoringia niliianza mimi. Msigune kwamba bibi anajisifu. Najisifu, ndiyo. Nikiwasubiri nyie mnisifu nitakufa na hamu yangu.

Shule yangu iliishia darasa la nne kule Didia. Kaka alivunjika mguu, ng'ombe wakakosa mchungaji, baba akaja mpaka mlangoni mwa darasa kunichukua. Basi nilichojua mpaka naolewa ni ng'ombe, viazi na kusema. Kusema nilijua sana. Mume akanileta huku ziwani, upande wa Geita, mwaloni hapa hapa mitumbwi inaposhushia samaki, na mimi nikafungua jiko la chai na samaki wa kuchoma.

Miaka ile ya tisini dhahabu ilikuwa imewapandisha watu kichaa. Mtu analala hana shati, akiamka duara lake, lile shimo la kuchimbia, limetema dhahabu, ana pikipiki. Jumapili walikuwa wanakuja huku na pikapu, wengine kutoka Kahama, wengine Kagongwa, wengine Shinyanga mjini, wamechoka vumbi, wanataka kuona maji. Wanasimama jikoni kwangu na kuuliza, "Mama, hapa kuna nini cha kuangalia?"

Wenzangu wauza chai walikuwa wanajibu, "Maji hayo, angalia."

Mimi nilikuwa najibu, "Kuna viboko. Kuna jiwe limekaa juu ya jiwe kama mtungi kichwani mwa mwanamke, na halijaanguka tangu dunia iumbwe. Kuna kisiwa miti yake imekuwa myeupe kwa mavi ya ndege. Kuna shimo la Mjerumani, ukitupa kokoto unasubiri mpaka unasahau. Wewe unataka kipi?"

Basi. Mtu aliyekuja kunywa chai anashinda siku nzima. Kazi hii inaanzia mdomoni, wajukuu zangu, haianzii kwenye boti. Kitu kikiwa karibu na nyumba yako unakiona cha kawaida. Mgeni kakaa kwenye gari tangu alfajiri, vumbi mpaka kwenye kope, na wewe unamwambia "maji hayo".

Lakini msimpeleke mtu kabla hamjajua macho yake yanapenda nini. Nilijifunza kwa aibu. Walikuja wazungu fulani wa kutafuta dhahabu, wekundu kama kamba waliopikwa, nikawapeleka kwenye viboko. Kiboko akapiga miayo, mdomo wote ule, meno yote yale. Wao wamempa mgongo, wanagonga mawe kwa nyundo! Wanaramba jiwe, wanapeana, wanaramba tena. Nikawaambia, "Nyie watu, chakula kipo." Na yupo mchimbaji mmoja alikuja amevaa suti na tai, duara limetema wiki hiyo, kaleta wasichana kuwaonyesha ziwa. Nikamwambia avue viatu. Akasema, "Mama, viatu hivi vimetoka Nairobi." Tulimtoa kwenye tope kiunoni. Viatu vya Nairobi vimo humo mpaka leo, mkitaka nawaonyesha mahali, ni kivutio na chenyewe.

Aliyenifundisha maji ni Mzee Makoye, mwenye boti ya mbao yenye injini, mtu wa maneno machache na ugoro mwingi. Yeye ndiye alikuwa ananiendeshea wageni wangu, kwa kificho kificho, nitawaambia kwa nini. Alinifundisha kwamba asubuhi upepo unatoka nchi kavu na ziwa linalala. Jua likipita kichwani upepo unageuka, unatoka ziwani na kuja kwetu, na mawimbi yanaamka. Kwa hiyo mgeni anaondoka mapema na anarudi kabla hajataka kurudi. Wanene wakae katikati, hata kama ni tajiri na anataka kukaa mbele. Mtoto akae kati ya magoti ya mama yake. Hakuna kusimama kupiga picha. Dumu tupu lililofungwa kamba liwe karibu na kila mkono, maana maboya ya kuvaa tulikuwa tunayasikia redioni tu. Na kiongozi akae mbele kabisa ya boti, atazame maji. Mwenye injini akae nyuma. "Wa nyuma ana nguvu, wa mbele ana macho," aliniambia. "Wewe una macho. Kaa mbele."

Tena kuna njia moja aliyonionyesha siku tulipokwenda kukata matete. Upande wa mashariki wa ghuba, nyuma ya yale mawe makubwa, kijito kinaingia ziwani. Maji yake yanasukuma, yanaacha mfereji mwembamba kandokando ya matete mpaka ndani ya ghuba. Viboko wanapenda kulala mle asubuhi. Jua likizidi wanahamia kwenye kivuli cha mawe. Nikauliza, "Sasa mzee, njia hii ni ya nini, na mlango mkubwa wa ghuba uko wazi?" Akatema ugoro wake, akaendelea kukata matete.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penyewe.

Mwenyekiti wa mwalo alikuwa hanitaki. Alikuwa mtu mzito, kofia kila siku, hata akioga nadhani. Alisema mwanamke hawezi kuongoza watu ziwani. Nikamwambia ninao wageni wanaoniomba. Akasema, "Mama Kabula, choma samaki." Kabula ni binti yangu wa kwanza. Nikamrudia, nikamrudia tena, nikamchosha mpaka siku moja akasema mbele ya wavuvi wote, "Haya. Safari moja, watu wote wakiona. Wakirudi salama na wamefurahi, nakupa sehemu ya kuegesha boti na wageni wote wa mwalo huu ni wako. Wakirudi wanalia, usinitajie tena neno mgeni. Na jiko lako utalihamishia juu kule barabarani."

Wavuvi wakacheka. Mimi nikasema, "Nimekubali," kabla hajavuta pumzi.

Na wageni niliokuwa nao si wa mchezo. Ni familia ya Kihindi ya Shinyanga mjini, wenye duka la vitambaa. Mkubwa wao alikuwa mama wa makamo yangu, Mama Kishori, amezaliwa Shinyanga, Kisukuma anakiongea kuliko vijana wangu. Alikuwa ameozesha mtoto na nyumba imejaa wageni wa harusi wa kutoka mbali, anataka kuwatembeza kisiwani kwa siku moja. Mwaka uliotangulia alikuja na watu wachache, nami nikamwandalia sato mkubwa wa kupasua katikati, mafuta yanachuruzika. Aliangalia yule sato kama anaangalia maiti ya jirani. Akaniambia polepole, "Mama Kabula, sisi hatuli kitu chenye macho." Nilitaka kuzama. Walishinda na kachumbari. Safari hii nilikesha napika matobolwa, vile viazi vitamu vya kukausha, yenye karanga, mahindi ya kuchoma, mlenda, maembe, na ndizi zilizoiva mtini. Hakuna macho hata ya viazi, niliyatoa yote kwa kisu.

Asubuhi hiyo wageni wamefika, wamependeza, sari zinameremeta kama madirisha ya kanisa. Mwenyekiti kasimama na kofia yake. Mara anakuja mjumbe: Mzee Makoye homa imemlaza, hawezi hata kukaa. Boti anaitoa kwa moyo mmoja. Lakini mwendeshaji anayeiweza injini ile ni mmoja tu mwalo mzima.

Ni Shija.

Na Shija alikuwa ametoka kumuoa Kabula wangu. Mkwe mbichi kabisa.

Nyie wa siku hizi mnakula sahani moja na wakwe zenu, mnapiga nao picha. Sisi kwetu mama mkwe na mkwe wake hawaonani. Akija njia hii, wewe unaingia kwenye mahindi. Humwiti jina, humsemeshi, humwangalii usoni, huli mbele yake. Ndiyo heshima yenyewe ya ndoa. Nikiivunja mbele ya mwalo mzima, Kabula wangu atasemwa mpaka anazeeka. Nisipokwenda, Mwenyekiti ameshinda bila kuvua kofia.

Alinitazama, anajua vizuri kilichonipata. "Vipi, Mama Kabula? Tuwaambie wageni warudi?"

Nikamgeukia Mama Kishori. "Boti hii ina mbele na ina nyuma?"

"Si kila boti?" akasema.

"Basi mimi nakaa mbele, naangalia mbele. Mwenye injini anakaa nyuma. Nyie wote mnakaa kati yetu kama ukuta. Yeye hanioni, mimi simwoni. Neno langu nampa wewe, wewe unalipeleka."

Mama Kishori alicheka mpaka akashika kiuno. Mila yetu aliijua, ameuzia Wasukuma khanga maisha yake yote. Wakaingia. Nilisubiri wametulia, nikajitanda kitenge kichwani mpaka puani, nikapanda kwa mbele. Shija akapandia nyuma, uso kautazamisha ziwani, shingo imekakamaa kama ya mtu aliyelala vibaya. Kishori mwenyewe, kijana wa duka, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, mmegombana na huyu?"

"Hatujagombana. Tumeheshimiana."

Tukaondoka. Nikasema, "Mama Kishori, mwambie asogee kulia, kuna nyavu." Mama Kishori akamwambia aliye nyuma yake kwa lugha yao, naye akamwambia wa nyuma yake, neno likatembea mpaka kwa mtoto wa kike aliyekaa karibu na injini, akapaza sauti kwa Kiswahili, "Mama mkwe anasema kulia!" Boti ikaenda kulia. Ndani ya boti vikapigwa vigelegele kama nimetoa sungura mfukoni.

Sauti ya Shija ikasikika nyuma, "Mwambieni mama nimesikia."

"Mwambieni asinijibu, ashike injini!"

Waliipenda! Mpaka tunafika kisiwani walikuwa wananiomba niwape neno, hata kama hakuna la kusema. Nikawapa: mwambieni apunguze, mwambieni ndege wale wanaitwa mnandi, mwambieni Kabula ameniambia anakoroma. Hilo la mwisho lilifika nyuma, boti nzima ikatingishika kwa kicheko, na Shija masikini akainamia injini kwa aibu, wanavyoniambia. Mimi sikumwona.

Kisiwani waliona ndege, waliogelea pembeni kwenye mchanga, walikula matobolwa mpaka wakauliza yanapandwaje. Mama Kishori alilamba vidole. Shija nilimpelekea chakula chake nyuma ya mti, kwa mkono wa mtoto. Jua lilipokaa kichwani nikasema, "Tunaondoka." Wakalia lia, bado kidogo, bado kidogo. Nikawaambia hasira za maji hazina bado kidogo. Wakapanda.

Na hapo ndipo, wajukuu zangu. Tulipoukaribia mlango wa ghuba niliona kijani. Nikadhani macho. Tukakaribia, kijani kikawa kikubwa. Magugumaji. Ulikuwa mwaka yale majani yamevamia ziwa, upepo ukigeuka yanahama kama nchi yenye miguu. Upepo wa mchana ulikuwa umeyasukuma yote mlangoni mwa ghuba yetu, yameziba kutoka mawe haya mpaka mawe yale, na maua yake ya zambarau juu, mazuri ya kukutukana. Ng'ambo ya kijani nikauona mwalo wetu, watu wadogo kama siafu wamejaa ufukweni. Na nyuma yetu mawimbi yanaamka.

Shija akataka kupita katikati, akaongeza moto. Alikuwa kijana, damu inachemka, na wazee wa mke wake wanatazama kutoka ufukweni. Nikajua pangaboi likishika yale majani linakufa pale pale, na mawimbi yatatugeuza tumbo juu.

Neno lilinifika kwenye meno. Shija! Lilikuwa hapo kwenye meno. Nikaling'ata.

"Mama Kishori! Azime!"

Mama Kishori hakupeleka kwa mtu. Aligeuka mzima mzima, akapiga kelele ya mtu aliyeona mwizi dukani, "Weeee mkwe! ZIMAAA!"

Injini ikazima. Mawimbi yakawa yanatupiga ubavu. Mtoto akaanza kulia. Kishori akasema, "Mama, tunafanyaje sasa? Tunarudi kisiwani?"

"Kisiwani kuna upepo usoni na mawimbi yanazidi. Tunakwenda nyumbani, ila kwa mlango wa jikoni."

Nikatoa amri, na ile foleni yangu ya sari ikazibeba. Washa, moto mdogo. Mashariki, kandokando ya majani. Usiyaguse. Taratibu. Safari ya asubuhi walikuwa wanacheza. Sasa hakuna aliyecheka, kila mtu anapokea na kutoa kama ndoo za maji nyumba inapoungua. Tukazunguka mawe makubwa. Na mfereji wa Mzee Makoye ulikuwa wazi! Mwembamba, maji ya kijito yameyasukuma magugu pembeni, unapita kama njia ya ng'ombe kati ya matete.

"Azime. Ainue injini. Achukue upondo, na mimi nachukua wangu."

Tukaingia. Mimi nasukuma mbele, yeye anasukuma nyuma, hatuangaliani, hatusemi, na boti inakwenda sawasawa kama mtu mmoja mwenye mikono minne. Kwenye kivuli cha mawe, ng'ambo kidogo, viboko walikuwa wamelala kama walivyotakiwa. Masikio tu yanachezacheza. Nikasema, "Waambie wasipige kelele, waangalie kushoto." Neno likapita kwa mnong'ono, kichwa kimoja kimoja kikageuka. Wageni wa harusi wa kutoka mbali wakawaona viboko karibu kuliko mtu yeyote niliyewahi kumpeleka. Dume moja likainua kichwa likatutazama. Nikasimamisha upondo wangu. Na sikupeleka neno, nawaapia, sikupeleka. Lakini nyuma nako upondo ulisimama. Shija aliusikia wangu ulivyosimama. Tukakaa. Dume likatoa pumzi, likashusha kichwa. Tukasukuma tena.

Tulipotokea ndani ya ghuba, maji matulivu, watu wa mwaloni walikuwa bado wamegeukia mlangoni, wanaangalia magugumaji, akina mama wengine wameshika vichwa. Walikuwa wametupa mgongo! Mwenyekiti alikuwa mbele yao wote, anaelekeza vijana watafute mitumbwi. Mama Kishori akasimama ndani ya boti, mimi nikamwacha avunje sheria mara hiyo moja, akakusanya mikono mdomoni akaita salamu ya Kisukuma, "Mwadila, Mwenyekiti!"

Mtu yule aliruka. Kofia ilianguka majini. Ndiyo siku ya kwanza tuliona kichwa chake, kina upara mzuri tu, sijui alikuwa anaficha nini.

Vigelegele vilianzia kwenye boti vikaenda nchi kavu vikarudi. Wavuvi waliotucheka walitubeba, mgeni mmoja mmoja, sari zisilowe. Mwenyekiti akamkimbilia Mama Kishori. "Mama poleni sana, poleni kwa hatari hii, nilimwambia huyu mwanamke..."

"Pole ya nini?" Mama Kishori akamkata. "Tumeona ndege, tumeona viboko, tumekula vizuri, tumeendeshwa na mama mkwe. Mwezi ujao naleta ukoo wa mume wangu. Na nataka boti hii hii, na watu hawa hawa wawili, na wasisemeshane!"

Mwenyekiti akanitazama. Mimi nikamtazama. Nilikuwa nimelowa mpaka kiunoni, kitenge kimenigandia usoni, na nilikuwa mrembo siku ile kuliko siku ya harusi yangu.

Akasema, "Boti yako itaegeshwa pale penye jiwe, Mama Kabula."

"Wabeja," nikamshukuru kwa Kisukuma. "Na kofia yako inaelea kule."

Hivyo ndivyo ilivyoanza Boti ya Mama Mkwe, na nyie mliozaliwa juzi mnadhani ni jina tu la kupendezesha. Watu walikuja kutoka Shinyanga, kutoka migodini, walikuja walimu na wanafunzi wao, walikuja wachimbaji, safari hii bila viatu vya Nairobi, na wote walitaka kupeleka neno. Wengine walikuwa wanaanza kugombea nafasi ya kukaa karibu na mimi tangu barabarani. Mzee Makoye alipopona alikuja akasimama pale kwenye jiwe, akatazama boti yake imejaa, akatema ugoro. "Uliuliza njia ile ni ya nini," akasema. Ndiyo hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kunipa.

Sasa, mila yetu ina mlango wake. Mkwe akitaka aanze kusalimiana na mama mkwe, analeta mbuzi, mbuzi analiwa, aibu inakwisha. Shija alimleta wake mwaka uliofuata, mbuzi mweupe, mnono. Kabula akaja kuniambia, "Mama, mwenzangu amechoka kujificha."

Nikamrudisha mbuzi. "Mwambie mume wako, tukianza kuongea, nani atapanda boti yetu? Atulie. Mbuzi atakua."

Tulifanya kazi hivyo miaka na miaka, mimi na yule kijana. Tumevusha watu kwenye mawimbi, kwenye mvua, kwenye majani, hatujawahi kupoteza hata ndala ya mtoto, na sikuijua sura yake. Nilijua upondo wake. Nilijua injini yake ikikohoa amekasirika au amefurahi. Nyie mnaofanya kazi pamoja mkigombana kutwa kwenye simu, nawauliza: mnajuana hivyo?

Magoti yaliponikataa nikawaambia wamlete mbuzi. Hakuwa yule, yule alishapata vitukuu. Aliliwa hapa hapa penye jiwe, Mama Kishori alikuja kutoka Shinyanga na matobolwa yake mwenyewe, amejifunza. Shija akaletwa mbele yangu, mvi zimeshaanza pembeni. Sura nzuri! Kabula alikuwa na macho. Akainama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Shija," nikasema, jina lake mdomoni mwangu kwa mara ya kwanza. "Siku ile ya magugumaji, ulichelewa kuzima."